Matriksi ya tishu inayonyumbuka kwa ajili ya vipandikizi vya upasuaji: maswali mnayoniuliza mara kwa mara

Maswali haya yananifikia kila wakati, mengine kutoka kwa vijana wa uhandisi wa chuo pale Iyunga, mengine kutoka kwa manesi na madaktari wa Mbeya, Iringa na Njombe, na mengine kwa ndugu wa wagonjwa ambao wamesikia jambo wodini wakabaki na wasiwasi. Nimeyakusanya hapa, nimeyajibu kama ninavyoongea, na pale swali lilipokuwa zito nimekaa nalo zaidi, kwaiyo msishangae majibu mengine kuwa marefu na mengine mistari miwili.

Hiyo matriksi ya tishu ni kitu gani hasa? Ni vile vipandikizi vya uzazi wa mpango?

Hapana, vijiti vya mkononi ni habari nyingine kabisa. Hapa tunaongelea vitu vinavyowekwa mwilini kwa upasuaji, mfano silikoni ya kujenga titi upya baada ya saratani, au lile puto la kutanua ngozi taratibu kabla ya silikoni yenyewe, au neti ya kuziba ngiri.

Sasa matriksi. Tishu yoyote ya mwili ina seli, alafu ina kile kinachozishikilia seli, yaani nyuzi za kolajeni, nyuzi za elastini, na protini na sukari nyingine zinazoshika maji katikati. Ukizitoa seli zote kwa ustadi bila kuvuruga hizo nyuzi, kinachobaki ni kiunzi cha asili ambacho mwili wa mtu mwingine unaweza kukikubali, seli zake zikahamia humo na mishipa midogo ya damu ikaota. Hicho kiunzi ndo matriksi ya tishu. Mara nyingi kinatoka kwenye ngozi ya ndani, ile dermisi, ya binadamu aliyejitolea kabla ya kufa, au ya nguruwe, au ya ng'ombe, na pia kuna inayotoka kwenye utumbo mwembamba wa nguruwe, kazi iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1980 na mtafiti Stephen Badylak pale Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Ya ngozi ya binadamu inayojulikana zaidi ni AlloDerm, ilianza kutumika miaka ya 1990 kwa watu walioungua moto.

Kipandikizi chenyewe hakitoshi? Kwa nini kiongezewe kitambaa cha tishu?

Mwili ukikuta kitu kigeni ambacho hauwezi kukiyeyusha unakizungushia kovu. Silikoni ikiwekwa, baada ya muda inakuwa na kifuko chembamba cha kovu kuizunguka, na hilo lenyewe si ugonjwa. Shida inaanza kifuko kikiwa kinene na kikaanza kujikaza, titi linakuwa gumu, linapanda juu au linakaa upande, na mwishoni linauma. Madaktari wana madaraja manne ya Baker: la 1 titi ni laini na la kawaida, la 2 lina ugumu kidogo, la 3 ni gumu na umbo limeanza kuharibika, la 4 ni gumu, limepinda na lina maumivu.

Matriksi ikiwekwa kati ya kipandikizi na tishu za mgonjwa, hasa sehemu ya chini ya titi, inafanya kazi mbili. Inabeba uzito, yani inakishika kipandikizi kisiteleze, alafu upande ule mwili unakutana na kolajeni badala ya silikoni kwaiyo kile kifuko kinakuwa chembamba zaidi. Tafiti nyingi zinaonyesha kukaza kwa kifuko kunapungua, ila tafiti hizohizo zinaonyesha maji kujikusanya na maambukizi yanaweza kuongezeka kidogo. Mtu akikuambia faida bila kukuambia hilo la pili, muulize tena.

Kwa nini kila mara unasisitiza kunyumbuka? Si bora iwe imara tu?

Hapa ndo moyo wa kazi yenyewe ulipo, naomba mnivumilie.

Tishu laini za mwili zina tabia moja ambayo plastiki nyingi hazina. Ukiivuta ngozi kidogo inakuja kirahisi kabisa, ukiendelea kuvuta inafika mahali inakataa ghafla. Ukichora grafu ya nguvu na mnyooko unapata mstari unaolala chini kwanza halafu unapanda kwa kasi, kama herufi J. Sababu ni kwamba nyuzi za kolajeni zikiwa zimepumzika zimejikunja, kwaiyo mwanzoni unanyoosha mikunjo tu, na ile elastini inasaidia kurudisha, mikunjo ikiisha ndo unaanza kuvuta kolajeni yenyewe ambayo hainyooki kirahisi. Ni kama sweta la kufuma tunalovaa Uyole hapa Mbeya kwenye baridi ya mwezi wa saba: uzi wenyewe haunyooki, kinachonyooka ni mafundo.

Sasa fikiria umeweka kitu imara lakini kikakamavu, hakina ile sehemu ya kulala ya herufi J. Mgonjwa akiinua mkono au akikohoa, tishu yake inanyooka, kitambaa chako hakinyooki, na mzigo wote unakimbilia kwenye mshono. Hapo ndo panapochanika, au panapouma kila siku, au panapojenga kovu nene kwa sababu ya msuguano usioisha.

Tuweke namba. Chukua tumbo kama tufe lenye kipenyo cha sm 32, na shinikizo la ndani linalofika kPa 20 (sawa na mmHg 150) mtu anapokohoa kwa nguvu au kuruka. Mvuto kwenye ukuta wa tufe ni shinikizo mara nusu kipenyo, gawanya kwa mbili: 20,000 × 0.16 ÷ 2 = nyutoni (N) 1,600 kwa mita, yani N 16 kwa kila sentimita ya upana. Ni hesabu ya ukurasa mmoja ila wabunifu wa neti za ngiri wameitegemea miaka mingi. Kwenye mvuto huohuo ukuta wa tumbo la binadamu ulipopimwa ulinyooka kati ya asilimia 11 na 32. Neti nzito za zamani zinanyooka asilimia 4 hadi 16 tu, zile nyepesi asilimia 20 hadi 35. Kwa nguvu ya kubeba zote zinatosha, nyingine zinazidi mara kadhaa, lakini ile nzito mgonjwa anaisikia tumboni kama kipande cha ubao. Kwaiyo swali la kwanza la mbunifu liwe hili: ikivutwa N 16 inanyooka kiasi gani, na ikiachiwa inarudi? Habari ya itakatika kwa nguvu gani inakuja baadaye.

Basi ikinyumbuka sana ndo nzuri zaidi?

Hapana kabisa. Kunyumbuka ni kunyooka na kurudi. Kulegea ni kunyooka na kubaki hapohapo. Matriksi ya ngozi ya binadamu ina elastini nyingi, na ilipotumika kuziba ngiri kubwa za tumbo wagonjwa wengi walipata uvimbe upya baada ya miezi kadhaa, matriksi haikukatika, ilitanuka tu ikawa kama mfuko. Kwenye titi tabia hiyohiyo inaweza kusaidia, maana unataka sehemu ya chini ifuate umbo na itanuke kidogo na puto. Kwaiyo material moja, sehemu mbili za mwili, hukumu mbili tofauti. Ndo maana wabunifu wengine wanapunguza elastini kwa kimeng'enya cha elastesi, wengine wanaiacha, na huwezi kusema nani amekosea mpaka ujue inaenda wapi mwilini.

Seli zinatolewaje?

Kwa kuosha, kwa lugha rahisi, ila kuosha kwa siku kadhaa na kwa mpangilio. Kwanza unaondoa nywele, mafuta na ngozi ya juu, mara nyingi kwa maji ya chumvi kali yanayoachanisha tabaka. Alafu unapitisha sabuni za maabara kama SDS, Triton X-100 au sodiamu deoksikoleti zinazopasua ukuta wa seli, alafu kimeng'enya cha kukata DNA, alafu unaosha tena na tena mpaka sabuni yenyewe itoke. Hiyo suuza ya mwisho ndo vijana wengi wanaifupisha na ndo inayowaangusha, kwa sababu SDS iliyobaki kwenye nyuzi inaua seli za mgonjwa zinazojaribu kuingia. Na SDS ikizidi inaharibu kolajeni, tishu inavimba na inapoteza ile herufi J niliyosema.

Kipimo ambacho watu wengi wanakifuata, kilichochapishwa na watafiti Crapo, Gilbert na yule Badylak mwaka 2011, ni hivi: DNA iwe chini ya nanogramu 50 kwa kila miligramu ya tishu kavu, vipande vya DNA vilivyobaki viwe chini ya bezi 200 (bezi ni kama herufi za DNA), na ukiangalia kwa darubini baada ya kupaka rangi usione kiini cha seli hata kimoja.

Kwa nguruwe na ng'ombe kuna jambo la ziada. Tishu zao zina sukari inaitwa alfa-gal ambayo binadamu hana, na sisi wote tunatembea na kingamwili dhidi yake. Kuna kimeng'enya kinaikata. Ukiiacha, mwili wa mgonjwa unaweza kuishambulia matriksi.

Kamwene! Niko Iringa, kitimoto huku ni nyingi, naweza kuchukua ngozi buchani nikaanza majaribio?

Kamwene. Kwa mazoezi ya maabara, ndiyo, tena nyanda za juu kusini tuna bahati, nguruwe wanafugwa kila kona kuanzia Mbozi, Rungwe hadi Njombe. Ila ngozi ya buchani imeshaharibika kabla hujaigusa. Nguruwe wakichinjwa humwagiwa maji ya moto au hubabuliwa ili nywele zitoke, na kolajeni yenye maji ikifika nyuzi joto 60 hadi 65 hivi inajikunja na kuanza kugeuka jelatini. Ukiikata hiyo ngozi ukaivuta kwenye mashine, tabaka la juu linakupa majibu ya ajabu na utadhani sabuni yako ndo imekosea. Angalia pembeni ya kipande: ngozi nzima ina weupe wa maziwa na nyuzi unaziona zikikinzana ukiichana, iliyoungua inakuwa na ukingo unaong'aa kama gundi na inateleza.

Cha kufanya, ongea na mchinjaji mapema, nenda machinjioni siku ya kuchinja, chukua ngozi ya mgongo kabla ya maji ya moto, nyoa kwa mashine, weka kwenye maji ya chumvi ya baridi na uiwahishe kwenye friji. Andika umri wa mnyama, sehemu ya mwili, na mwelekeo, chora mshale wa kichwa kuelekea mkia kwa wino usiofutika, kwa sababu ngozi haina nguvu sawa pande zote. Na chukua mnyama aliyepimwa na daktari wa mifugo. Homa ya nguruwe ikiingia hairuhusiwi kuhamisha nguruwe wala mazao yake, hilo liheshimiwe hata kama ni kipande cha sentimita kumi, maana wafugaji wanapoteza mifugo yote.

Kwa kumwekea binadamu, hapana. Hapo wanyama wanatoka kwenye mifugo inayofuatiliwa toka kuzaliwa, kuna viwango vya ISO 22442 vya tishu za wanyama peke yake, vinagusa mpaka namna ya kuua virusi na hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe.

Mgonjwa Mwislamu, au Msabato, akiwekewa ya nguruwe bila kujua?

Hilo lisitokee. Mgonjwa aambiwe kabla ya kusaini, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwamba hiki kimetoka kwa nguruwe, na aulizwe. Wapo viongozi wa dini wanaoruhusu kwa dharura ya matibabu kama hakuna njia nyingine, na wapo wagonjwa ambao hata hivyo hawatataka, na ni haki yao. Kibunifu hili lina uzito wake: ukianza na ng'ombe toka mwanzo umeshaondoa kikwazo kwa wagonjwa wengi. Dermisi ya ndama wa ng'ombe aliyeko tumboni ilishawahi kuingia sokoni kwa jina la SurgiMend. Kwa nchi yetu mimi ningeweka nguvu zaidi kwa ng'ombe, nasema hivyo waziwazi.

Si mngeitia kemikali iwe imara idumu, kama viwanda vya ngozi wanavyofanya?

Inafanyika. Glutaraldehaidi, ambayo hata watengeneza ngozi za viatu wanaitumia, inafunganisha nyuzi za kolajeni zisiyeyuke, na kwa njia hiyo daktari wa upasuaji wa moyo Alain Carpentier wa Paris aliwezesha vali za moyo za nguruwe kudumu kwa binadamu toka miaka ya 1960. Kwa vali inakubalika. Kwa kitambaa kinachotakiwa kuungana na mwili ni hadithi nyingine, kwa sababu ukifunganisha sana seli haziwezi kupenya, mwili unakiona kitu kigeni tena na kukizungushia kovu, yani umerudi palepale ulipokuwa unakimbia, na juu ya hapo kimekuwa kikakamavu.

Mimi ushauri wangu ni kwamba unyumbufu utafutwe kwanza kwenye muundo, yani unene, mwelekeo wa nyuzi, na matundu, kabla ya kufikiria kemikali. Kemikali ukishaitia huwezi kuitoa.

Kwa nini mnaitoboatoboa? Si inapungua nguvu?

Inapungua, na ndo nia, mradi ipungue mahali unapotaka.

Tatizo la kwanza ni jiometri. Shiti ni bapa, kipandikizi ni mviringo. Huwezi kulaza shiti bapa lisilonyooka juu ya umbo la tufe bila mikunjo, hesabu yenyewe inakataa. Kila mkunjo ni uwazi mdogo kati ya matriksi na tishu hai, uwazi unajaa maji, na maji yakikaa hayo ndo seroma, nyumba ya vijidudu, na matriksi pale haigusani na mwili kwaiyo mishipa haioti. Kwa macho ya haraka shiti iliyokunjamana inaonekana imekaa vizuri, ukipapasa kwa kidole ndo unasikia.

Tatizo la pili ni hayo maji yenyewe, yanahitaji njia ya kutoka kwenda kwenye mrija wa kunyonya. Matundu yanatatua yote mawili kwa mpigo.

Sasa tundu la namna gani. Mkato mwembamba kama wa kiwembe unafunguka vizuri ukivutwa kwa kukatisha, ndo wazo la daktari Tanner na wenzake mwaka 1964 waliopitisha ngozi ya kupandikiza kwenye mashine ya kukata mikato iliyopishana ili ifunike eneo kubwa la mtu aliyeungua. Safu ya pili lazima ipishane na ya kwanza, ikilingana nayo kipande kinafunguka kama zipu. Ubaya wa mkato ni ncha zake, mzigo wote unajikusanya pale na mchaniko unaanzia pale. Tundu la duara ni salama zaidi, kwenye shiti sare linaongeza mkazo pembeni mwake takriban mara tatu, si kidogo ila unaweza kulipangia. Njia ya kati ni mkato unaoishia na tundu dogo la duara kila ncha. Nimeikata kwa ngozi ya ng'ombe kwa puncha ya fundi viatu, milimita moja na nusu, na tofauti unaiona kwa macho: mkato wa ncha kali ulianza kuchanika kuelekea ukingoni, wenye duara ulifunguka ukawa umbo la jicho ukabaki hivyo mpaka nguvu mara mbili.

Mambo mengine matatu msiyasahau. Acha ukingo mzima bila tundu, angalau sentimita moja, maana hapo daktari anashona. Usitoboe sawa kila mahali, sehemu ya chini inayobeba uzito iwe na mtandao unaoruhusu umbo kujaa, pembeni iwe chache. Na mikato ielekezwe kwa kufuata nyuzi za ngozi yenyewe: ukivuta kukatisha nyuzi unapata unyumbufu mwingi, ukivuta kufuata nyuzi unapata nguvu, kwaiyo ule mshale wa wino niliosema mwanzoni ndo unakuokoa hapa. Kwa wanaopenda hesabu, kuna mipangilio ya mikato inayofanya shiti likivutwa upande mmoja litanuke na upande wa pili badala ya kusinyaa, na shiti la namna hiyo linakubali umbo la kuba vizuri sana. Hapo kuna kazi nyingi za tasnifu zinasubiri watu.

Mnapimaje bila vifaa vya Ulaya?

Mashine ya kuvuta inayopima chuma haifai, sensa yake ni kubwa mno, tafuta yenye sensa ya N 100 hadi 500. Kata vipande umbo la dambeli, vitatu kwa mwelekeo mmoja ni vichache, fanya zaidi. Pima unene sehemu kadhaa. Weka msasa kwenye taya maana ngozi mbichi inateleza, na kipande kikiteleza grafu inakuwa na ngazi ndogondogo ambazo mtu anaweza kudhani ni nyuzi zinakatika. Kipande kiwe kimelowa maji ya chumvi ya asilimia 0.9, ikiwezekana kwa nyuzi joto 37, kwa sababu kikikauka tu, kinakuwa karatasi. Alafu ukivute na kukiachia mara kadhaa kwa nguvu ndogo kabla ya kipimo chenyewe, mpaka mistari ianze kulingana, la sivyo unapima historia ya kipande na si tabia yake.

Baada ya hapo kuna kipimo cha uzi wa mshono, unapitisha uzi sentimita moja toka ukingoni unavuta mpaka uchane, kwa kazi za tumbo watafiti wanapenda kuona angalau N 20. Kuna kipimo cha mpira wa chuma unaosukumwa katikati ya kipande kilichobanwa duara. Na kuna cha uchovu, kuvuta kidogo mara maelfu. Hicho cha mwisho watu wanakiruka kwa sababu kinachosha, wakati ndicho kinachofanana na maisha ya mgonjwa anayepumua usiku na mchana.

Tunaweza kuichemsha au kuiweka kwenye otokilevu, ile mashine ya mvuke wa shinikizo, kuua vijidudu?

Usijaribu, utapata supu ya mifupa. Viwandani wanatumia mionzi ya gama au ya elektroni, dozi ya kilogrei (kGy) 25 ndo iliyozoeleka, na hata hiyo inapunguza nguvu ya kolajeni, kwaiyo vipimo vyote virudiwe baada ya mionzi. Wengine wanatumia gesi ya ethilini oksaidi.

Ila vyombo vyako, mikasi na chupa, vinaenda otokilevu, na kwa hapa Mbeya kuna jambo watu hawalijui. Tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na geji ya otokilevu inasoma tofauti na hewa ya nje. Ule mstari wa psi 15 kwenye vitabu ni wa Dar es Salaam na Tanga. Huku ili ndani ifike nyuzi 121 kweli geji isome karibu psi 18. Mashine zinazosoma joto moja kwa moja hazina shida, zile za jiko lenye geji ya mshale tu ndo za kuangalia, na weka tepu ya kiashiria kila mara.

Shikamoo. Baba yangu ana ngiri, daktari kasema atamwekea neti ya kawaida. Nitafute hela ya hiyo ya tishu?

Marahaba, na mpe pole mzee. Kwa ngiri ya kawaida ya kinena jibu ni hapana, neti ya plastiki inatosha na hiyo ya tishu bei yake inaweza kufika maelfu ya dola kwa shiti moja. Tena nikutoe hofu zaidi: jirani zetu Uganda walifanya jaribio lililochapishwa Januari 2016, wanaume 302, nusu waliwekewa neti ya kiwandani ya dola 125 hivi, nusu neti ya gharama nafuu iliyotengenezwa kwa kitambaa cha chandarua, ya kama dola moja, iliyotakaswa ipasavyo. Baada ya mwaka ngiri ilirudi kwa mtu mmoja tu kwenye kundi la chandarua na hakuna kwenye lile lingine, kitakwimu hawakutofautiana. Usikate chandarua cha nyumbani, sijasema hivyo, kile kina dawa na hakijatakaswa.

Na hata kwa ngiri kubwa za tumbo zenye uchafu, mahali ambapo tuliamini matriksi ya tishu ndo mkombozi, jaribio la Marekani la 2022 lenye wagonjwa 253 lilionyesha ngiri kurudi ndani ya miaka miwili kwa asilimia 20.5 ya waliowekewa ya tishu na asilimia 5.6 ya waliowekewa plastiki. Inauma kwa sisi tunaoipenda kazi hii, lakini mgonjwa hajali tunapenda nini. Mimi nimelichukua kama agizo la kubuni: nadhani ile matriksi ilikuwa inalegea na kuyeyuka mapema.

Kwa titi je, imeidhinishwa?

Inatumika sana Marekani na Ulaya, lakini Machi 2021 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, iliwakumbusha madaktari kwamba ilikuwa haijaidhinisha matriksi yoyote ya dermisi kwa kazi hiyo mahsusi, na kwamba aina mbili, FlexHD na AlloMax, zilionekana kuwa na matatizo zaidi ya nyingine. Hizo mbili ni dermisi ya binadamu sawa na AlloDerm, lakini hazitengenezwi kwa njia moja nayo, na majibu yake mwilini hayakufanana. Kwaiyo mtu akisema "matriksi ya dermisi" muulize ipi, imeoshwaje, imetakaswaje.

Vibali vya hapa kwetu?

Kifaa chochote cha kumwekea mgonjwa kinapita TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Utafiti wowote unaogusa binadamu unahitaji kibali cha maadili, na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wana kituo hapahapa Mbeya, waulizeni mapema. Kwa tishu za machinjioni ongea na kamati ya chuo chako na daktari wa mifugo wa wilaya. Usimpe daktari rafiki yako kipande "ajaribu". Kamwe.

Si siku hizi mnaprinti kwa 3D?

Wanaprinti, na kuna nyuzi zinazofumwa kwa umeme wa volti kubwa, ni nzuri kwa umbo. Ila bado hazijafikia mpangilio wa kolajeni ambao ngozi ya ndama inakuja nao bure. Kwa bajeti zetu ningetumia printa kutengeneza viunzi vya kukatia matundu, hapo inalipa haraka.

Ndaga fijo kwa majibu. Mimi ni mwaka wa tatu, nianzie wapi?

Ndaga nawe. Anza bila kuosha seli kabisa. Chukua ngozi ya ng'ombe isiyopigwa maji ya moto, chuna mpaka ubaki na dermisi yenye unene unaofanana, mm 1.5 hivi, kata vipande kumi na viwili kufuata nyuzi na kumi na viwili kukatisha. Toboa nusu yake kwa mpangilio mmoja tu, mikato ya mm 6 inayopishana yenye duara kwenye ncha. Vuta vyote mpaka N 16 kwa sentimita, andika mnyooko, achia, subiri dakika kumi, pima urefu uliobaki. Hizo namba mbili, umenyooka kiasi gani na umerudi kiasi gani, zichore kwenye grafu moja, alafu badilisha urefu wa mkato, mm 4, mm 8. Ukimaliza laza kipande kizuri kuliko vyote juu ya puto lililojazwa maji, kishone ukingoni, weka maji yenye rangi chini yake uone yanakusanyika wapi. Nitumie picha za hayo madoa ya rangi, nitakujibu.